Nilivyojifunza Kulinganisha kwa Kihispania

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, nimevaa viatu vya kuazima. Msimamizi wa waongoza watalii hata kiti hakunipa.

"Kiingereza hapa Bagamoyo hadi wauza madafu wanakijua," akasema. "Baada ya Ramadhani kuna wageni wa Kihispania. Jifunze lugha yao. Ukiweza, kazi ni yako. Ukishindwa, rudi Fukayosi ukapalilie mihogo."

Ninyi mnaoanza leo kuongoza watalii mtacheka kusikia msichana wa umri wangu, anayeacha kazi, akijiita mstaafu. Chekeni tu. Siku zile usingizi ulinikimbia. Kidato cha nne nilikimaliza kwa kusukumwa, leo nijifunze lugha kwenye simu! Nilitembea na sauti ya mwalimu masikioni, nikipika naye, nikifua naye.

Majina ya vitu niliyameza. Kilichonitesa ni kulinganisha. Sisi tuna "kuliko", tumemaliza. Wao kilichozidi wanakisemea más… que, kilichopungua menos… que, na vilivyo sawa tan… como. Halafu "bora" ina neno lake peke yake, mejor, na "mbaya zaidi" ni peor.

Nikaenda kufanyia mazoezi soko la samaki. Huyu más grande que yule, mkubwa kumzidi; yule menos grande que huyu.

"We binti, unawasomea dua samaki wangu?" muuzaji mmoja akauliza.

"Nawalinganisha, mama."

"Basi nunua mmoja ukamlinganishe na sufuria!"

Wageni wakaja. Ziara yetu iliishia kwenye nyumba mbili zinazotazamana huko Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kwa Bi Rukia na kwa wifi yake, Bi Tatu, majirani wa chumba nilichopanga. Wote wawili walikaribisha wageni kwa kahawa na visheti, vile vitafunwa vya unga vilivyokolezwa sukari. Msimamizi alitufuata nyuma anisikilize. Njiani akaniambia nyumba mbili zinapoteza muda: wageni wakisema ipi bora, hiyo itabaki, nyingine tutaikata. Moyo ukanipasuka. Bi Tatu alikuwa akilea wajukuu kwa visheti vile.

Tukala kwa Bi Rukia, tukavuka, tukala kwa Bi Tatu. Bi Rukia naye akavuka na dele lake kutuongezea kahawa. Ndipo mama mmoja mgeni, kinywa kimejaa, akaniuliza: "¿Cuáles son mejores?" Visheti vya nani ni bora?

"Jibu," Msimamizi akaninong'oneza. "Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Jamani, kwetu chakula cha nyumba mbili hakilinganishwi mbele ya wapishi. Unakula kote, unasifu kote, unaomba dua.

"Anasemaje, mwanangu?" Bi Tatu akauliza.

"Los míos son peores," nikamjibu mgeni. Vyangu mimi ndivyo vibaya zaidi.

Wageni wakaangua kicheko. Nikawatafsiria wenyeji.

"Hapo umesema kweli!" Bi Rukia akadakia. "Vile vyako vya Idi hata kuku walivikimbia!"

Bi Tatu alicheka mpaka akashika ukuta. Yule mgeni akafungasha vya nyumba zote mbili.

Nje, Msimamizi hakucheka. "Sikukuuliza vyako. Nilitaka nyumba moja."

"Nisamehe, bosi. Ningewaamkia vipi kesho?"

"Basi endelea na ukibarua."

Nikaendelea, kila simu ikilia nadhani nafukuzwa. Wiki zikapita, kikaja kikundi kingine cha Wahispania. Kabla ya magofu, kabla ya chochote, wakauliza ziko wapi zile nyumba mbili walizosimuliwa na wenzao, za akina mama wanaocheka. Zote mbili. Jioni hiyo Msimamizi akaniita. "Njoo usaini mkataba," akasema, akitazama pembeni.

Sasa naacha kazi, nahamia Chalinze nikajaribu darasa langu mwenyewe la Kihispania kwa wanaotaka. Natulia? Wapi! Kichwa kimeshajaa ndoto nyingine. Nilipokwenda kuaga, Msimamizi alinilalamikia: "Umeniharibia vijana. Kila mpya akiulizwa visheti vya nani bora, anasema vya kwao ni vibaya zaidi."

"Na nyumba ngapi ziko kwenye ziara, bosi?"

"Tatu," akasema. "Shangazi yake Bi Rukia naye ameanza kupika."