Waithira na Spika ya Dawa ya Panya

Kuna watu ambao bila wao chuo kikuu hakifungui mlango, na bado siku ya kupigwa picha hakuna anayekumbuka kuwaita. Waithira ni mmoja wao. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja upande wa Karatina. Anaosha chupa, anachekecha udongo, anapima viazi. Na kukiwa na utafiti vijijini, yeye ndiye hutumwa mbele kubisha hodi, maana ana mdomo mtamu na anajua ni boma la nani lina mbwa mkali.

Mdomo huo ndio uliomtia taabuni. Daktari Mutahi, mkuu wa utafiti wa viazi, alitaka kujua kwa nini mavuno ya Giakanja yanapungua kila msimu, lakini wakulima walikuwa wamechoka na watu wa fomu. Waithira akasimama pale sokoni Giakanja, yeye mzaliwa wa hapo hapo, akawaahidi kwamba jibu likipatikana atawarudishia. Watu mia moja na kumi na wawili wakakubali kwa sababu yake. Wa kwanza kujibu alikuwa Murugi, mjane ambaye wote humwita Mama Jethro. Aliwapikia chai, akawachimbia na viazi vya kwenda navyo.

Jibu likapatikana. Likaandikwa kwa Kiingereza kizito, likachapishwa ng'ambo katika jarida ambalo hata kulifungua ni lazima ulipe. Daktari Mutahi akapandishwa cheo, keki ikakatwa. Giakanja je? Kimya, miaka sita.

Januari ya mwaka juzi Waithira akatumwa kule tena na fomu mpya. Kwa Mama Jethro hakufika hata mlangoni. Mama alisimama ndani ya geti, mkono kwenye komeo, akaongea polepole kama mtu aliyeyapanga maneno yake siku nyingi.

"Mtoto wa Simeon, ulikunywa chai yangu ukaenda na maneno yangu. Hao wengine ni wageni, siwezi kuwalaumu. Lakini wewe ni wa hapa. Mpaka siku utaniletea jibu yangu, usinibishie hii geti."

Mageti mengine nayo yakawa hivyo hivyo. Waithira alishikwa na aibu mpaka masikio yakamchoma. Simeon alikuwa baba yake, amezikwa umbali wa mashamba manne kutoka hapo, na jina lake sasa lilikuwa jina la mzee aliyezaa mwongo. Alirudi kazini na fomu tupu.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba jibu lenyewe lilikuwa fupi. Watu wa Giakanja wakivuna, viazi vikubwa huuzwa, vya katikati huliwa, na vile vidogo vya mwisho ndivyo hubaki kuwa mbegu. Nani apande kiazi chenye bei? Kumbe shina gonjwa ndilo huzaa vidogo vingi, kwa hiyo kila msimu walikuwa wanauchagua ugonjwa kwa mikono yao wenyewe na kuurudisha shambani. Tiba yake ni kijiti. Viazi vikitoa maua, unachomeka kijiti kando ya kila shina lenye afya. Baada ya wiki mbili unazunguka tena, unang'oa kijiti penye shina lililoanza kunyauka, na mbegu unaitoa kwa yale yaliyobaki na vijiti, basi. Yaani kijiti! Na neno hilo lilikuwa limefungiwa kabatini miaka sita yote.

Waithira alimwendea Daktari Mutahi akamwambia watengeneze podikasti. Daktari akaipenda kupita kiasi. Alikaa mbele ya maikrofoni kwa dakika hamsini, kamusi pembeni, akasoma ile makala yote kwa Kiswahili cha kamusi, neno kwa neno, mpaka na majedwali. Ndiyo, majedwali! Waliosikiliza walikuwa tisa, sita kati yao wakiwa wafanyakazi wa idara, na Giakanja hakuna hata mmoja. Mama Jethro ana simu ya kubonyeza, podikasti ataisikilizia wapi?

Waithira angekata tamaa kama si panya. Waliingia kwenye mahindi yake, na Jumamosi moja akaenda soko la Karatina kutafuta dawa kwa Moffat. Ukilijua soko hilo, unamjua Moffat, na kama humjui, masikio yako yanamjua. Mkokoteni wake una spika juu, na sauti iliyorekodiwa hutangaza tangu asubuhi: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, panya anakula na kufa papo hapo. Waithira alimkuta mama mmoja akipanga nyanya huku akiyatamka maneno yale yote kwa ulimi wake mwenyewe, bila kukosea hata moja, na wala hakuwa na panya. Akasimama pale na dawa mkononi, akasahau kuchukua chenji.

Waithira alipomwomba spika hiyo itangaze na habari ya viazi, Moffat hakuwa mgumu. Alisema hata yeye amechoka kujisikia, ila sharti lake ni moja: kila habari ya viazi ikiisha, dawa ya panya ifuate. Waithira akajifungia stoo ya maabara, akarekodi dakika nne kwa Kiswahili kile kile anachonunulia mboga ya sukuma, na kipande kimoja kwa Kikuyu. Akaitia rekodi hiyo kwenye flashi. Jumanne, siku ya soko ambayo Giakanja nzima hushuka Karatina kuuza, utafiti wa chuo kikuu ukasikika kutoka kwenye mkokoteni, kati ya mende na kunguni.

Habari zilimfikia Daktari Mutahi kabla ya saa nne. Alikuja sokoni na tai yake, amevimba, tayari kuizima spika ile. Akakuta watu kama thelathini wamesimama, na mzee mmoja akimwambia Moffat arudishe pale pa kijiti, hakupashika vizuri. Daktari alisikiliza mara tatu. Kisha akanunua dawa ya panya akarudi ofisini. Siku iliyofuata alimletea Waithira utafiti wake wa maharagwe, akamwomba aufupishe.

Mwezi wa sita, viazi vikiwa na maua, Waithira alipanda kwenda Giakanja kwa miguu. Aliona kijiti cha kwanza shambani mwa mtu asiyemjua, kimefungwa kitambaa chekundu kisipotee majanini. Mbele kidogo vikawa kumi. Alipofika kwenye kona ya kanisa, miteremko yote ilikuwa imechomekwa vijiti vya vitambaa, vya shuka kuukuu, vya sare za shule zilizochakaa. Alilia pale barabarani, mwanamke mzima, bila kujali nani anaona. Kwa Mama Jethro hakubisha. Hakuwa ameitwa.

Aliitwa Februari, mazao ya mbegu ile yalipovunwa. Geti lilikuwa wazi. Uani palikuwa na magunia kumi na moja yamesimama, na msimu kama huo mwaka uliotangulia shamba hilo hilo lilikuwa limetoa saba. Mama Jethro alikuwa ameyasikia yote Karatina, maana kibanda chake cha kabichi kinatazamana na mkokoteni wa Moffat. Alimwekea Waithira kiti na kikombe cha chai, akamngoja anywe mpaka nusu.

"Sasa hiyo fomu yenu, uko nayo?"

Waithira hakuwa nayo. Nani angebeba fomu siku kama hiyo? Alitoa simu, akamwambia siku hizi hawaandiki tu, wanarekodi. Mama akavuta kiti, akafunga leso vizuri kama mtu anayepigwa picha, akakohoa.

Jumamosi iliyofuata Waithira alikuwa Karatina mapema. Kunguni wakaisha, na spika ya Moffat ikatoa sauti ya mwanamke mzee, taratibu, kila neno mahali pake.

"Naitwa Murugi wa Giakanja. Miaka saba iliyopita watu ya chuo walikuja kwangu wakiwa na mtoto wa Simeon. Walisema watarudi. Mimi nasema mbele yenu wote, wamerudi."

Ng'ambo ya njia, wateja wa kabichi walikuwa wanavutana bei. Mama Jethro akawainulia mkono.

"Nyamazeni kwanza. Hapo ni mimi naongea."