Wachezaji Waliopakwa Mawese

Kijana wangu alifungua pakiti ya kadi za wachezaji wa mpira sebuleni, hapa Louisville ughaibuni, katika nyumba niliyoinunua mwenyewe bila diplome yoyote. Ile harufu ya karatasi mpya ikanirudisha kwetu.

Nilikuwa mtoto, lakini biashara nilizaliwa nayo. Nilimwomba mama feza ya unga wa mandazi aliyouza, nikanunua picha za wachezaji ili niziuze shuleni. "Kesho utanunua unga mara mbili, mama," nikamwambia. Bon, ili zing'ae vizuri, nikazipaka mawese.

Asubuhi karatasi zilikuwa zimekunywa mafuta, sura hazionekani tena. "Huyu ni golikipa ao ni samaki sambaza wa kukaanga?" wenzangu wakacheka. Hakuna aliyenunua hata moja. Nikarudi nyumbani polepole, vidole vinanata.

Mama alikuwa anapuliza makaa yaliyokataa kuwaka. Akaangalia mikono yangu. Akachukua picha moja, akaisukuma chini ya makaa. Moto ukaruka.

"Leta na zile zingine, papa wangu," akasema. "Leo tutakunywa chai bila mandazi."