Fundi wa Nukuʻalofa Aliyekataa Kutegemea Kumbukumbu

Saa mbili asubuhi, Kalolaine Havili yuko mbele ya kompyuta mjini Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, viatu kavivua, anabadilisha namba moja ya simu. Anahifadhi faili, anaondoa mikono mezani, anasubiri.

Sekunde sita baadaye programu inajizima na kujiwasha yenyewe. Simu ya pembeni yake inaita. Ni ya majaribio: namba mpya imeshika.

"Sasa naweza kunywa chai," anasema.

Kalolaine, 41, ni fundi wa seva katika Kituo cha Fetuʻu, kinachowaunganisha wauguzi wa visiwa vya mbali na madaktari wa zamu. Muuguzi hupiga namba moja tu. Programu humtafutia daktari. Zamu zikibadilika, Kalolaine hubadilisha namba kwenye faili la mipangilio.

Tatizo ni kwamba programu ile husoma faili pale tu inapowashwa. Usipoiwasha upya, inaendelea na namba ya zamani, wala haikuambii.

Miaka mitatu iliyopita, Ijumaa mchana, alibadilisha namba, akafunga ofisi, akawahi mazishi ya shangazi yake. Hakuiwasha upya.

Kesho yake, kwenye kisiwa kimoja cha kaskazini, muuguzi Siale alikuwa na mama aliyeitwa Lesieli, uchungu wa kuzaa umekwama. Alipiga mara kumi na moja. Kila mara iliita simu ya daktari aliyekwisha kusafiri ng'ambo. Zilipita dakika hamsini kabla ya kumpata mwingine. Lesieli alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa bila kulia, na hakuishi.

"Mkuu wangu alisema ni bahati mbaya," anakumbuka Kalolaine. "Nikamwambia hapana, ni mimi."

Alipanda meli hadi kisiwa kile. Alijifunga kiunoni taʻovala, mkeka wa heshima, uliochakaa kama ada ya kuomba radhi, akaketi chini nje ya nyumba ya Lesieli, kichwa ameinamisha. Jua lilikuwa limepanda sana bibi yake Lesieli alipotoka. Kalolaine alimweleza yote, bila kujitetea.

"Hiyo kazi, mtu anaweza kuisahau?" bibi aliuliza.

"Ndiyo, bibi. Ni amri moja tu ya kuandika kwenye kompyuta, maneno matatu."

"Basi usiiachie kichwa, mwanangu. Kichwa kina misiba yake. Kafanye isihitaji mtu kukumbuka."

Akamwingiza ndani, akampa kiazi kikuu cha kuchemsha. Lesieli hakumsemesha.

Kalolaine alirudi akaandika programu ndogo ya kulinda lile faili: likiguswa tu, huduma ya simu iwashwe upya. Katika majaribio alikosea tarakimu moja, huduma ikagoma kuwaka kwa dakika tisa. Kwa bahati hakuna aliyepiga. Tangu hapo programu hiyo, mlinzi wake, hukagua faili kwanza. Likiwa na kosa, huiacha huduma ilivyo na kumpigia yeye.

Wenzake humtania kwamba ameajiri mtu asiyeomba likizo. Yeye hutabasamu kidogo tu.

Sasa anataka wauguzi wenyewe waweze kubadilisha namba kutoka visiwani, bila kumngoja yeye. Ataanza mwezi ujao, kwenye kisiwa kilekile. Wiki iliyopita Siale alimfikishia ujumbe wa Lesieli, ambaye sasa ana binti wa mwaka mmoja: akija, afikie kwake.

Ni neno la kwanza kutoka kwa Lesieli.

"Sijui nitabeba nini," Kalolaine anasema. "Lakini nitafikia kwake."