Utani wa Kapasita

Watu wa Bunda waliomfahamu Masatu zamani husema alikuwa na mikono ya kuonewa wivu. Katika kiwanda cha kuchambua pamba yeye ndiye aliyetunza mikanda ya mashine. Mkanda ukikatika, aliushona ukazunguka kabla pamba haijarundikana mlangoni.

Fundi umeme alikuwa Ngolo, na koo zao zilitaniana tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukuficha viatu, kukuita mwizi mbele ya wakwe zako, kulala kaburini siku ya msiba wako mpaka umpe jogoo, na wewe huruhusiwi kununa. Masatu naye hakuwa malaika. Aliwahi kumtilia Ngolo pilipili kwenye uji, kiwanda kizima kikacheka.

Mwaka wa sabini na nne, watu wakiwa bado wanahamishiwa vijijini, Ngolo alipata mchezo mpya. Kwenye mota kulikuwa na kapasita, kikopo cha bati chenye nyaya mbili, ambacho hutunza umeme tumboni hata kikishang'olewa. Ngolo alikigusisha kwenye soketi, akakichomoa, akamrushia mtu. "Daka!" Aliyedaka aliruka kama mbuzi aliyekanyaga makaa.

"Ngolo, hicho si kitu cha kuchezea," Masatu alimwonya. "Humu mna mashine."

"Mbona tunafanyaga kila siku, nani amekufa? Au ukoo wenu mnaogopa mpaka makopo?"

Asubuhi moja Masatu alikuwa ameinama karibu na mkanda unaozunguka, akisikiliza mshono wake. Akaitwa, akageuka. "Daka!" Mkono wa kushoto ukadaka wenyewe, maana mikono haingoji kuamriwa. Umeme ukamrusha nyuma, na mkono wa kulia ukatafuta pa kujishikiza. Ukashika mkanda.

Waliokuwa mbali waliendelea kucheka mpaka walipoona pamba imebadilika rangi.

Huko Musoma madaktari waliukata mkono juu ya kiwiko. Aliporudi, kijiji cha ujamaa kilimpangia kazi aliyoiweza: kufukuza ndege kwenye mtama, pamoja na watoto. Wenzake walipita na majembe mabegani, wakamsalimia kwa sauti ya upole ambayo aliichukia kuliko maumivu.

Hakutaka fidia. Alitaka Ngolo aketi mbele ya watu aseme, "Nimekukosea." Basi.

Alikwenda kwa Bernado, balozi wa nyumba kumi. Bernado alimsikiliza, akakuna kidevu. "Ndugu Masatu, mtani hashtakiwi. Hakuna kosa hapo. Ulikuwa utani."

Hyasinta, mkewe Masatu, alikuwa amesimama mlangoni. "Kama ulikuwa utani, balozi, uambie basi huo mkono uote tena."

Ngolo mwenyewe alikuja kwa Masatu mara moja tu. "Nipe mkono, mtani!" alipaza sauti akiwa bado uani, na majirani wakacheka kwa kuwa ndivyo ilivyopasa. Masatu alingoja neno lingine. Halikuja.

Miaka miwili baadaye mama yake Ngolo alifariki. Masatu akaitwa, kwa kuwa msiba bila mtani umepooza. Alikwenda. Watu wakampisha mpaka ukingoni mwa kaburi, nyuso zao zikiwa tayari zimejiandaa kucheka. Alisimama, shati lake limefungwa fundo upande mmoja, akamtazama Ngolo.

"Mama," alisema, "umezaa mtu aliyenikata mkono, na hajawahi kuniomba radhi. Nimekuja kukushtakia wewe, kwa kuwa walio hai wamekataa kunisikiliza."

Ngolo aliinamisha kichwa, akafungua mdomo, na Masatu akasogea hatua moja: sasa atasema.

Kisha mzee mmoja akapasuka kwa kicheko. "Huyu ndiye mtani!" Wanawake wakapiga vigelegele, vijana wakashika mbavu. Ngolo akainua uso, akawatazama waliomzunguka, akavuta pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akacheka nao.

"Mpeni jogoo wake!" alisema.