Mzinga Usio na Nyuki

Harufu ya mafuta ya karafuu hainipeleki shambani; hunirudisha kwenye fleti yetu ya Ruwi, majira ya baridi nilipokuwa na miaka tisa. Kila asubuhi, kabla ya basi la shule, nilimkanda bega la kushoto babu mzaa mama, Mnyamwezi wa Tabora aliyeletwa Maskati na mama uzeeni. Begani alikuwa na shimo; vidole vyangu vitatu vilienea humo barabara. "Kanda, mke wangu, bibi yako alikushinda nguvu," alinitania. Siku moja nikamuuliza shimo lile limetokana na nini. "Mzinga," akasema. "Vita vya Wazungu. Tuliubeba milimani, mimi na kaka yangu Maganga."

Mimi mzinga niliujua mmoja tu, wa nyuki, maana baba alinunua asali kwa watu wa milimani. "Na asali mlikula?" Babu alicheka mpaka akakohoa. Basi nikakieneza kichekesho hicho nyumba nzima. Majira yale yote kila mjomba aliyeingia alipiga kelele tangu mlangoni, "Mzee, asali yetu iko wapi?" Babu aliitikia kwa kicheko, baadaye kwa tabasamu, mwishowe kwa kugeukia ukuta. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asubuhi moja aliushika mkono wangu wenye mafuta, akauondoa begani. "Mzinga ule ulikuwa wa kupigia watu. Ulifunguliwa vipande, kila kipande na nyumbu wake wa mizigo. Mbung'o wakawaua nyumbu, tukatwikwa sisi. Maganga alianguka na gurudumu. Wakaokota gurudumu." Nikangoja amalizie. Alikuwa amemaliza. Hakuniruhusu kumkanda tena, na alifariki kabla joto halijaanza, nami sijamwomba radhi.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata juu ya mizinga ya milimani, kwa Kiarabu na Kiingereza, nikijifunza peke yangu jina la kila kipande na uzito wake. Katika vitabu hivyo nyumbu waliokufa wamehesabiwa. Wapagazi wametajwa kwa jumla. Mwezi uliopita niliuona mzinga mmoja wa aina hiyo kwenye ua wa ngome, watalii wa meli wakipiga picha kando yake. Kibao kilisema ulibebwa na nyumbu. Binti yangu, anayesoma chuo Al Khoudh, akaniuliza mbona nimesimama muda mrefu hivyo. Nikamtajia jina la Maganga, kwa mara ya kwanza. Kisha nikapitisha vidole vitatu juu ya mtutu, polepole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Chuma kilikuwa laini. Hakikuwa na shimo popote.