Ziwa Nililoling'ata

Nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwamba mimi ndiye niliyemtia mama yangu maradhi yaliyomuua. Sikumwambia mtu. Nilikula, nilienda shule, nikarudi, na jambo lile likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Tulipanga vyumba viwili Kariakoo, nyuma ya maduka ya vitenge. Mama alikuwa na kansa ya titi la kushoto, na ilikuwa imeshasambaa. Hospitalini, kule Upanga, walimruhusu arudi nyumbani, wakampa dawa ya maumivu, wakatufundisha kuosha kidonda. Baba na kaka yangu Hamisi walikuwa wakishinda bandarini, hivyo Bibi, mama yake Baba, alikuwa ameshakuja kutoka Masasi kumuuguza mkwewe. Asubuhi na jioni alimwosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, akabadilisha vitambaa, akavifua mwenyewe uani. Kazi yangu ilikuwa kushika beseni na kumpepea Mama, maana kidonda kilikuwa na harufu, na harufu ile ilimtesa Mama kuliko maumivu.

Siku moja nilikuwa jikoni nachambua mchele. Nje Bibi alikuwa akianika vitambaa huku akiongea na jirani yetu, Mama Salma.

"Huyu Tatu ndiye chanzo," nikamsikia. "Alipoachishwa alipakiwa shubiri, akakasirika, akamng'ata mama yake ziwa mpaka damu. Kwetu tunajua. Ziwa lililong'atwa na mtoto linaoza kwa ndani, taratibu."

"Kumbe ndiyo maana," Mama Salma akasema.

Tatu ni mimi. Nilijipitishia ulimi kwenye meno.

Tangu siku hiyo sikuingia chumbani kwa Mama. Niliogopa nikimkaribia nitamzidishia. Beseni nililiacha kizingitini, nikakimbia. Bibi alinishika sikio.

"Umeanza kumwonea kinyaa mama yako? Aliyekunyonyesha?"

Alisema kwa sauti, na Mama alisikia. Akaacha kuniita. Nikitoka shule nilimsikia akimwomba Bibi afunge mlango, mtoto asipate harufu.

Ijumaa moja Bibi alitoka kwenda sokoni. Mama akahitaji maji ya kumezea dawa, na nyumbani tulikuwa wawili tu. Nikasimama mlangoni na kikombe.

"Ingia, mwanangu."

"Siwezi."

Akajivutia kanga kifuani. "Nanuka sana?"

Hapo ndipo nikaangua kilio. "Siyo harufu, Mama! Mimi ndiye niliyekung'ata!"

"Nani kakwambia?"

"Bibi."

Mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ubavu kwa maumivu. "Uliniuma, ni kweli. Nilikupaka shubiri, nawe ukalipiza. Lakini kaka yako Hamisi aliniuma vibaya zaidi, na yeye alipenda hili la kulia." Akalipapasa juu ya kanga. "Na hili ndilo zima."

Nikapanda kitandani. Bibi aliporudi alinikuta nampepea.

"Mama," Mama akamwambia, taratibu, kama mtu anayemwambia mkwewe jambo zito, "uniwie radhi. Huyu hakuwa na kinyaa. Aliyasikia maneno yako kuhusu ziwa, akaogopa."

Bibi aliweka kikapu chini, akachukua beseni, akaenda kuchemsha maji. Habari ya meno sikumsikia akiitaja tena. Alimwosha Mama hivyohivyo, mara mbili kwa siku, bila kukunja uso, hadi Mama alipofariki miezi minne baadaye.

Sasa nimenyonyesha wanangu wawili, wote wameniuma, na Bibi naye ameshatangulia. Nikimfikiria siwezi kumwita mbaya. Pale hospitalini walimfundisha namna ya kuosha kidonda. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kimetoka wapi. Mtu hawezi kutazama kitu kama kile kila siku asijiulize kwa nini. Alitafuta jibu katika aliyoyasikia kwao tangu msichana, akalikuta kinywani mwangu.

Hilo nalielewa. Lakini zilipita siku kumi na moja kabla ya Ijumaa ile, na siku zote hizo mama yangu alilala akiamini kwamba binti yake hawezi kuvumilia harufu yake. Hizo bado zinaniuma, na sijui nimdai nani.