Kitafunwa Kabla ya Chai

Nakumbuka asubuhi moja kijijini kwetu Ngumbo, mwanangu, gari la Mbinga likipiga honi barabarani na mimi nina begi mgongoni. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimepata kozi fupi Japani, na kichwa kilikuwa kimevimba hata mlango ulikuwa mwembamba. Mama alikuwa amechemsha mihogo, birika likiwa mekoni, vikombe bado vitupu.

"Kaa kwanza," akasema. "Nina neno."

"Gari linaniacha, Mama. Utaniambia kwenye simu."

"Si neno la simu."

Sikukaa.

Huko Kyoto walitupeleka kunywa chai kwa desturi yao. Chumba kidogo, mikeka, kimya kama kanisani kabla ya misa. Tulipiga magoti. Mwenyeji, bibi wa umri wa Mama, aliniwekea kitafunwa cha maharage yaliyopondwa na sukari, kimefinyangwa kama ua. Nikakiacha. Kwetu kitafunwa hungoja chai. Nani ala muhogo mkavu, bila chai? Bibi naye akatulia, mikono mapajani. Maji yakachemka. Nikaanza kuitupia saa jicho la wizi, nikijiuliza watu wenye treni za kasi vile wanashindwaje kuwahisha chai.

Haruka, mkalimani wetu aliyewahi kufundisha Songea, akaninong'oneza, "Kaka, kula."

"Nangoja chai."

"Naye anakungoja wewe. Huku kitafunwa hutangulia."

Nikala. Ndipo bibi akainama, akachota maji, akaipiga ile chai ya kijani mpaka ikatoa povu, akanipa bakuli kwa mikono miwili. Chai ilikuwa chungu, na utamu ulikuwa bado ulimini. Nikalitazama lile povu. Nilimwona Mama mekoni na vikombe vitupu. Kumbe hakuwa mzito wa kumimina. Alikuwa akingoja niketi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu lilikufa ganzi tu, ila niliogopa lile neno lisije likazikwa kabla sijarudi.

Niliporudi sikusimama Mbinga kuonyesha picha. Nilimkuta Mama amekonda, anakohoa, birika liko palepale. Nikavuta kigoda, nikaketi, nikamsimulia.

"Yaani umevuka bahari kwenda kufundishwa kukaa?" Akacheka hadi kikohozi kikamshika.

"Mama, lile neno je?"

Akamimina kwanza. "Ndilo hilo. Nilitaka ukae."

Tukanywa, tukatafuna mihogo. Tulimzika kabla mahindi ya msimu ule hayajakomaa.

Mwanangu, kama nyumbani yuko mzee anayekawia kumimina, usitazame saa. Keti, kula ulichowekewa, chai itakuja. Barabara ya Mbinga haijawahi kukosa gari. Mungu akujalie umkute mwenye birika angali hai, na akupe magoti yasiyo na haraka.